Usukani Unaocheza: Kitafute Kiungo Kilicholika Kabla ya Kununua Reki

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu, naishi Dodoma, na ninaendesha Toyota Corolla 110 ya mwaka 1999. Kwa miezi kadhaa sasa usukani unacheza: nauzungusha upana wa vidole vitatu hivi kabla magurudumu hayajaitikia, na nikipita kwenye changarawe nasikia kitu kinagonga chini upande wa kushoto. Nikifika kilometa 80 kwa saa katika barabara kuu gari linatangatanga, na tairi la mbele kushoto limelika upande wa ndani. Fundi wa kwanza amesema reki imekufa, ninunue ya mtumba kwa shilingi 250,000. Fundi wa pili ameikaza nati iliyo kwenye reki. Mchezo umepungua kidogo, lakini sasa usukani ni mzito na haurudi wenyewe baada ya kona. Je, ninunue reki? Na je, naweza kusafiri na gari hili kwenda Singida wiki ijayo?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Usinunue reki kwanza, yaani ile fimbo ya chuma yenye meno inayopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu. Huenda ukaja kuihitaji baadaye, lakini katika maelezo yako hakuna dalili hata moja inayoishitaki reki peke yake, na zipo tatu zinazoelekeza kwingine: kugonga kwa upande mmoja, tairi lililolika upande huohuo, na gari kutangatanga kwenye lami iliyonyooka.

Nianze na kazi ya fundi wa pili, kwa kuwa ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kuliko mchezo wenyewe. Ile nati aliyoikaza hufunga kizibo chenye springi ndani yake, na kazi ya springi hiyo ni kuisukuma reki iegemee meno ya pinioni, gia ndogo inayozungushwa na usukani, bila kuyabana. Reki hulika zaidi katikati, kwa sababu gari hutumia sehemu kubwa ya maisha yake likienda moja kwa moja. Kwa hiyo fundi anapokaza mpaka mchezo wa katikati uishe, meno ya pembeni, ambayo bado ni mazima, hubanwa kupita kiasi mara tu unapokata kona. Ndiyo maana usukani wako umekuwa mzito na haurudi. Gari la namna hiyo ni la hatari kuliko lile ambalo usukani unacheza kidogo, maana dereva amezoea kuuachia usukani ujirudie mwishoni mwa kona, na siku utakapogoma kurudi atajikuta upande usio wake wa barabara. Mwambie fundi huyo airudishe nati pale ilipokuwa kabla ya kugusa kitu kingine chochote; kutu na uchafu ulioganda kwenye hesi kwa kawaida huonyesha waziwazi ilipokuwa imekaa miaka yote.

Sasa tuje kwenye mchezo. Mkono wako haufiki kwenye gurudumu kwa kipande kimoja cha chuma. Unazungusha shafti, shafti inashuka mpaka kwenye jointi mbili ndogo za msalaba zilizo karibu na pedali, jointi hizo huzungusha pinioni, pinioni huisukuma reki kulia na kushoto, kila ncha ya reki ina reki endi iliyofichwa ndani ya raba yenye mikunjo, na reki endi imeungwa kwa hesi na tairodi endi, ambayo ndiyo inayovuta na kusukuma chuma kinachobeba habu ya gurudumu. Reki yote nayo imeshikwa kwenye bodi kwa vibano vyenye raba. Kinachousikia mkono wako ni jumla ya nafasi ndogo ndogo za viungo vyote hivyo. Kwa magari haya Toyota huruhusu mchezo usiozidi milimita 30 kwenye ukingo wa usukani, magurudumu yakiwa yametazama mbele. Vidole vyako vitatu ni karibu milimita 50. Umevuka kipimo, hilo halina ubishi, lakini kipimo hakikuambii aliyelika ni nani.

Kumtafuta ni kazi ya nusu saa kwa watu wawili, na nusu yake haihitaji hata jeki. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa na magurudumu ya nyuma yamewekewa mawe, na injini iwe inanguruma, kwa kuwa usukani wako unasaidiwa na pampu ya oili na bila pampu hiyo mkono hautakuwa na nguvu ya kuonyesha kitu. Msaidizi akae kwenye kiti cha dereva, auzungushe usukani kulia na kushoto kwa mwendo mfupi, zaidi kidogo tu ya ule mchezo, bila kuacha. Wewe au fundi uchutame pembeni mwa gurudumu, usiingie chini ya gari, na mkono ukae mbali na mikanda ya injini. Weka kidole gumba pale tairodi endi inapoungana na chuma cha gurudumu. Kiungo kizima hupeleka mwendo papo hapo. Kilicholika husita kwanza, kisha ndipo hufuata, na kidole husikia ule msito hata pale jicho lisipouona. Kisha minya raba yenye mikunjo mpaka uishike reki endi iliyo ndani, usikilize vivyo hivyo. Halafu tazama reki yenyewe: ikiwa mwili wake wote unateleza upande upande ndani ya vibano wakati msaidizi anazungusha, basi raba za vibano zimekwisha, na katika Corolla za umri huu hilo ni jambo la kawaida, kwa sababu oili ya injini inayovuja hudondokea raba hizo ikazilainisha. Kubadilisha raba hizo ni kazi ndogo, na bei yake haifanani hata kidogo na bei ya reki.

Usisahau zile jointi mbili karibu na pedali. Nasisitiza kwa sababu nimewahi kuzisahau. Miaka mingi iliyopita, katika gereji niliyojifunzia kazi, nilimbadilishia mteja mmoja reki nzima ya Carina, nikatoka jasho siku nzima, na tulipolijaribu gari mchezo ulikuwa palepale. Kilichokuwa kimelegea ni bolti moja ya jointi ya shafti, ya kukazwa kwa spana namba 12 kwa muda mfupi kuliko ule ninaoutumia kukusimulia. Nilimrudishia nusu ya fedha zake na aibu yangu yote nikabaki nayo. Shika shafti kwa mkono mmoja juu ya jointi na mkono mwingine chini yake, msaidizi azungushe: sehemu zote mbili zikiondoka kwa pamoja, jointi ni nzima.

Baada ya hapo ndipo jeki iingie. Inua upande wa mbele, gari likalie stendi na si jeki peke yake, kisha ushike tairi kwa mikono miwili saa tisa na saa tatu na kulitikisa, halafu saa kumi na mbili na saa sita ufanye vilevile. Vijana huniuliza kama ninasoma saa Kiswahili au Kizungu. Haidhuru, kwa kuwa mshale ukiwa kwenye 9 sisi twasema saa tatu, na ukiwa kwenye 3 twasema saa tisa, kwa hiyo kwa hesabu yoyote tairi umelishika palepale. Likicheza kwa ubavu tu, tuhuma ziende kwenye tairodi endi au reki endi. Likicheza juu na chini, kuna wawili: beringi ya gurudumu, au boli jointi (kiungo cha tufe) ya amu ya chini, yaani mkono wa chuma unaoliunganisha gurudumu na bodi. Ili kuwatenganisha, msaidizi akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukitoweka ni beringi, kwa kuwa breki imeshikamanisha habu na chuma kinachoibeba, na ukibaki ni boli jointi. Katika Corolla yako uzito wa gari hupitia kwenye shokapu na springi yake, hivyo gurudumu likining'inia boli jointi huwa huru na mchezo wake huonekana. Mwenye Mark II asiige hivyohivyo, kwa maana springi yake imekaa juu ya amu ya chini na huibana boli jointi hata gurudumu likiwa hewani. Yeye aweke jeki chini ya amu hiyo, la sivyo kiungo kibovu kitamdanganya kuwa kizima.

Kwa hali uliyoieleza, Mwalimu, mimi ningeanza na amu ya chini ya kushoto kabla hata ya tairodi endi. Nitakueleza sababu. Makosa ya upimaji wa magurudumu, yaani magurudumu ya mbele kutazamana kupita kiasi au kuachana, hayakai upande mmoja, kwa sababu gari linapokwenda magurudumu hayo mawili hugawana kosa na yote mawili hulika. Tairi moja likilika upande wa ndani peke yake, maana yake gurudumu hilo limelala, au linahama mahali pake linapobebeshwa mzigo. Bushi (raba ya mshiko) ya nyuma ya amu ya chini ikipasuka hufanya hasa hivyo: ukikanyaga breki gurudumu hurudi nyuma, ukiachia husogea mbele, na katika mwendo wa kilometa 80 kila wimbi la barabara hulipindisha gurudumu kidogo bila wewe kugusa usukani. Dereva husema usukani unacheza, kumbe usukani umetulia na gurudumu ndilo linalotembea. Ingiza mtaimbo mdogo kati ya amu na bodi, usukume taratibu. Ukiona raba imefunguka kama mdomo, umeshapata chanzo cha kutangatanga na, kwa uwezekano mkubwa, cha tairi kulika. Bushi zikiwa nzima, itabidi mashine ya alaimenti, yaani ya kupima mnyooko wa magurudumu, ionyeshe kama amu au shokapu imepinda kutokana na shimo fulani ulilolisahau.

Kule kugonga kwenye changarawe kunaweza kuwa ni hicho hicho, au linki za stabilaiza (chuma kinachozuia bodi isilale kwenye kona), ambazo hupiga kelele nyingi kuliko hatari yake. Upande wa kushoto ndio unaotangulia kulika katika magari mengi niliyoyafanyia kazi, na sioni ajabu: tunaendesha kushoto, kwa hiyo magurudumu ya upande huo ndiyo yanayoshuka kwenye kingo za lami zilizokatika kila tunapopisha lori.

Tuseme sasa kiungo kimepatikana. Hapa nina msimamo ambao mafundi wenzangu wengine huuona mkali. Reki ya mtumba naivumilia, amu ya mtumba yenye bushi nzima naivumilia, lakini tairodi endi na boli jointi za mtumba sizifungi kwenye gari la mtu, kwa sababu umri wa tufe lililo ndani ya kikombe hauonekani kwa nje. Wala sikubali zile dawa za mitaani za kupasha kiungo moto na kugonga kifuniko chake ili tufe libanwe, au kuyeyusha plastiki na kuijaza ndani. Mchezo hutoweka kwa wiki kadhaa, chuma hupoteza ugumu wake kwa ule moto, na siku kikichomoka hakitoi taarifa. Tairodi endi ikichomoka, gurudumu moja huenda linakotaka lenyewe. Boli jointi ikichomoka, gurudumu hulala chini ya gari.

Ukienda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, au ukimwagiza mtu, nunua kiungo kipya cha jina linalojulikana. Kwa magari ya Kijapani jina la 555 limezoeleka sana kwetu, na kwa sababu limezoeleka linaigwa, kwa hiyo usiridhike na maandishi ya boksi. Kishike kiungo mkononi. Tufe la kiungo kipya hugeuka kwa uzito ulio sawa pande zote, bila kukwama mahali na bila kulegea mahali. Raba ya vumbi imekaa sawasawa na haina nyufa. Hesi ni safi. Tundu la kotapini, ile pini inayozuia nati isilegee, limepita katikati. Kinachozunguka kwa wepesi kama kijiko kwenye kikombe cha chai kirudishe hapohapo dukani. Nenda na kile cha zamani ukalinganishe urefu na unene wa sehemu iliyochongoka, kwa sababu matoleo ya 110 hayakufanana yote.

Katika kufungua, mwambie fundi alegeze nati ya kufungia iliyo kati ya reki endi na tairodi endi wakati kiungo bado kimeshikwa na gurudumu. Akikitoa kwanza, atahangaika na vyuma viwili vinavyozunguka pamoja. Apime kwa rula kutoka kwenye nati hiyo mpaka katikati ya tufe na kuandika kipimo, kisha ahesabu mizunguko anapokifungua. Wengi huhesabu mizunguko tu, na hilo halitoshi ikiwa kiungo kipya kina urefu tofauti kidogo. Kukitoa kwenye tundu lake, atumie kivutio maalumu. Akikosa, agonge kwa nyundo ubavu wa chuma chenye tundu mpaka mshiko uachie, na kamwe asigonge ncha yenye hesi. Wakati wa kufunga, nati ya tairodi endi kwa Corolla hizi hukazwa kwa nguvu ya Nm 49. Tundu la kotapini lisipolingana na mkato wa nati, nati huongezwa kidogo mbele mpaka lilingane, wala hairudishwi nyuma. Na kotapini iwe mpya, si waya uliokatwa kwenye uzio. Mnisamehe kwa kusema hivyo, lakini waya huo nimeukuta mara nyingi mno kuuacha bila kuutaja.

Je, ubadilishe pande zote mbili? Si lazima, lakini kiungo cha kulia kina umri uleule na kimepita kwenye mashimo yaleyale, na kila ukifungua upande mmoja utalipia alaimenti upya. Kwa tairodi endi ningebadilisha zote mbili kwa pamoja. Kwa bushi za amu, vivyo hivyo. Kwa boli jointi ningeamua baada ya kuitikisa ile ya pili.

Reki yenyewe nitaihukumu iwapo vyote hivi vimeonekana vizima, nati imerudishwa mahali pake, na bado pinioni inazunguka kabla reki haijasogea. Au iwapo ukifungua kibano cha raba yenye mikunjo oili inamwagika, maana hapo oilsili za ndani zimekufa. Ikifika huko, reki ya mtumba ichunguzwe kabla ya kulipiwa: izungushwe kutoka mwisho hadi mwisho, isikwame katikati, raba zake ziwe kavu kwa ndani, na reki endi zake zitikiswe moja moja. Kabla ya kuifungua ya zamani, usukani unyooshwe na ufungwe usizunguke, kwa kuwa gari lenye mfuko wa hewa lina waya uliojikunja nyuma ya usukani, na usukani ukiachwa uzunguke ovyo waya huo hukatika. Baada ya kufunga, mfumo ujazwe oili ya Dexron II au III, kisha magurudumu yakiwa hewani usukani uzungushwe pole pole kulia na kushoto mpaka mapovu yaishe, bila kuushikilia kwenye mwisho wake kwa zaidi ya sekunde 10, kwa sababu hapo ndipo pampu huchemka.

Wasomaji wenye IST au Probox watambue kwamba usukani wao unasaidiwa na mota ya umeme, kwa hiyo habari za pampu na oili haziwahusu. Viungo kuanzia reki endi kwenda nje wanavipima kama nilivyoeleza, injini ikiwa imewashwa.

Kazi ikishaisha, gari liende kwenye mashine ya alaimenti siku hiyohiyo, upepo wa matairi ukiwa umepimwa kwanza. Kipimo cha rula alichoandika fundi ni cha kukufikisha kwenye mashine. Hakichukui nafasi yake. Omba uonyeshwe pia mlalo wa gurudumu la kushoto, wala usikubali kuambiwa tu kwamba gari limenyooka.

Kuhusu Singida, ambayo kutoka kwako ni kama kilometa 240, jibu langu liko kwenye jeki. Nati ya reki isiporudishwa, gari libaki nyumbani. Ikirudishwa, na kukaonekana kwamba kosa ni linki au raba za vibano vya reki pekee, unaweza kwenda kwa mwendo wa wastani mchana. Lakini boli jointi au tairodi endi ikicheza kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, au raba yake imepasuka na tufe linagonga, au bushi ya amu imefunguka, panda basi, na gari lingojee spea. Ukirudi na ukishaendesha kilometa 500 hivi juu ya viungo vipya, tazama tena kotapini na nati za kufungia, kisha pitisha kiganja juu ya tairi jipya kutoka nje kwenda ndani na kurudi: likikwaruza ukienda na kuteleza ukirudi, magurudumu bado hayajanyooka, na mwenye mashine ya alaimenti hajamaliza kazi uliyomlipa.